Sukari Ikiwa Sawa, Bado Miguu Ipimwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, limepewa uzito mdogo mno katika matibabu ya kisukari hapa Nairobi, nalo ni kuharibika kwa neva za miguu kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Asubuhi za siku ya kliniki huwatoa damu watu waliofunga tangu usiku, wengi wao wakiwa wamedamkia matatu kutoka Kayole, Githurai au Kawangware, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Daktari, wanasema sukari yangu iko sawa, mbona nyayo zinawaka moto usiku?" Kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, na swali hilo huja kwangu kwa sababu huko ndani halikupata jibu.

Jibu ambalo wengi hupewa linaniuma. Huambiwa kwamba bila shaka wanakula chapati na kunywa soda kwa siri, kisha wanajinyima siku mbili kabla ya kliniki ili mashine isiwaumbue. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini kipimo cha HbA1c hakidanganyiki kwa siku mbili za kujinyima, kwa sababu kinapima sukari iliyonata kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu za damu, nazo chembe hizo huishi takriban siku 120, hivyo matokeo yake ni picha ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Nimewaona wagonjwa ambao HbA1c yao ni nzuri kliniki baada ya kliniki, ilhali ganzi inapanda kutoka vidoleni kuelekea kwenye kifundo cha mguu. Watu hawa hawasemi uongo, na kuwatuhumu ni kuwaongezea maumivu juu ya maumivu.

Elimu ya jambo hili ipo. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada, unaojulikana kama DCCT, ambao uliwafuatilia watu wenye kisukari cha aina ya kwanza na kuonyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Wengi wetu tulifundishwa matokeo hayo darasani na tukayachukua kuwa sheria kwa kila mwenye kisukari. Hata hivyo, mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya pamoja majaribio ya namna hiyo, yalikuta kwamba faida kwa aina ya kwanza ni ya wazi, lakini kwa aina ya pili, ambayo ndiyo iliyowashika wagonjwa wetu wengi mno, faida kwa neva ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa kuwa si ya kubahatisha. Sisemi sukari ipuuzwe. Sukari iliyopanda huharibu macho na figo, na mtu atakayeacha dawa zake kwa sababu ya barua hii atakuwa amenielewa vibaya kabisa. Ninachosema ni kwamba katika aina ya pili kuna mambo mengine ndani ya damu yanayozidhuru neva, na mashine ya kidoleni haiyaoni.

Mambo hayo ndiyo wanayoyatafuta watafiti wa metaboliti. Metaboliti ni molekuli ndogo zinazozaliwa mwili unapovunja chakula, unapojenga mafuta yake na unapotengeneza nishati. Asidi za amino zimo, asidi za mafuta zimo, ketoni na laktati zimo, na sukari yenyewe ni mojawapo tu kati ya mamia. Neva inayofika kwenye kidole gumba cha mguu huanzia kiunoni karibu na uti wa mgongo, na kwa mtu mzima urefu wake hukaribia mita moja. Uzi mwembamba na mrefu kiasi hicho, unaopaswa kupata nishati toka mwanzo hadi mwisho, ndio unaoumia kwanza damu inapochafuka, na kwa sababu hiyo ganzi huanzia vidoleni, miguu yote miwili, kabla ya kufika mikononi.

Metaboliti ambazo ushahidi wake umekaa vizuri zaidi ni za upande wa mafuta. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchambuzi wa vipande vya neva vilivyokatwa mguuni kwa wagonjwa wa kisukari mwanzoni na mwishoni mwa takriban mwaka mmoja, na wakaona kwamba waliopoteza nyuzi nyingi zaidi za neva ni wale waliokuwa na trigliseridi, yaani aina ya mafuta yanayosafiri katika damu, nyingi zaidi, hata baada ya umri, muda wa ugonjwa na udhibiti wa sukari kuzingatiwa. Mwaka huohuo wa 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FIELD kuhusu wagonjwa 9,795 wa kisukari cha aina ya pili, na ilionekana kwamba waliopewa fenofibreti, dawa inayoshusha trigliseridi, walikatwa viungo vya miguu kwa uchache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kipimo cha trigliseridi kinafanyika katika maabara nyingi za Nairobi, na huombwa kwa kuwa tunauhofia moyo. Ni mara chache sana nimeona fomu ya maabara ambayo daktari amekiomba kwa sababu anaihofia miguu.

Kuna ugunduzi mwingine ambao umenivutia kuliko yote. Mwili una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuunda mafuta maalumu yanayoitwa sfingolipidi, yanayohitajika katika ngozi ya seli na katika ala ya neva, na malighafi yake ni asidi ya amino iitwayo serini. Serini inapopungua, au alanini inapozidi, kimeng'enya hicho huchukua alanini badala yake, nacho hutoa mafuta yenye kasoro yanayoitwa deoksisfingolipidi. Ni sawa na fundi wa Gikomba aliyekosa nati inayostahili akafunga bolti kwa nati ya kipimo kingine: imefunga, lakini siku ya kufungua haifunguki. Mafuta hayo yenye kasoro hayavunjiki kwa njia ya kawaida ya mwili, hurundikana, na ni sumu kwa seli za neva. Yalijulikana kwanza kutokana na ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu hisia za miguu, kisha ikaonekana kwamba yamepanda pia katika damu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba panya wenye kisukari hupungukiwa na serini, kwamba kuwanyima serini katika chakula chenye mafuta mengi huharakisha uharibifu wa neva, na kwamba kuwaongezea huupunguza kasi.

Nasisitiza kwamba hao ni panya. Ninajua jinsi habari za aina hii zinavyosafiri katika simu zetu, na sitashangaa kuona chupa za serini zikiuzwa kando ya barabara na mtu mwenye kipaza sauti. Hakuna ninayeweza kumshauri leo anunue serini kwa ajili ya miguu yake, wala alipie orodha ndefu ya vipimo vya metaboliti akidhani vitamwambia kama neva zake zitaharibika. Sababu mojawapo ni kwamba metaboliti kupatikana kwa wingi katika damu ya wenye ganzi hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoleta ganzi. Figo zinapochoka, kama zinavyochoka kwa wagonjwa wengi wa kisukari, vitu vingi vilivyopaswa kutoka na mkojo hubaki katika damu, na mtafiti asiye mwangalifu atakihukumu kitu kilichokuwepo tu mahali pa tukio. Sababu ya pili ninaishi nayo kila siku. Damu ikishatoka mwilini haijafa. Chembe zake huendelea kula sukari iliyomo ndani ya chupa, kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na hata floridi inayowekwa katika chupa za kijivu huchukua muda kabla ya kuzizuia. Ikiwa sukari, kitu tunachokipima kila siku, hubadilika hivyo wakati sanduku la sampuli limekwama na bodaboda kwenye msongamano wa Jogoo Road, basi molekuli zilizo dhaifu zaidi huharibika vilevile, na karatasi yenye majina arobaini na takwimu za desimali haiwi kweli kwa sababu tu imepigwa chapa vizuri.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halihitaji kusubiri utafiti wowote, nalo ni vitamini B12. Metfomini ndiyo dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi zaidi wa kisukari cha aina ya pili, ni nzuri, ni ya bei nafuu, na sina nia ya kuipaka tope. Lakini inapotumiwa kwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 tumboni, na mwili unaoikosa vitamini hiyo huharibikiwa na neva kwa namna inayofanana mno na ile ya kisukari: ganzi, vichomi kama sindano, kuyumba gizani. Mwaka 2022 mamlaka ya kusimamia dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba upungufu wa B12 ni athari ya kawaida ya metfomini, na ikawataka madaktari wapime kiwango chake kwa wagonjwa wenye dalili na wawafuatilie walio katika hatari. Vilevile miongozo ya chama cha kisukari cha Marekani hupendekeza kipimo hicho mara kwa mara kwa wanaotumia metfomini, hasa wenye ganzi au upungufu wa damu. Mgonjwa mwenye ganzi ya namna hii akiambiwa "ni sukari" na kuachwa hivyo, anapoteza neva kwa sababu ya kitu ambacho sindano au vidonge vingekirekebisha, na akicheleweshwa mno neva hizo hazirudi.

Hapa metaboliti zina kazi halali na inayojulikana. Kiwango cha B12 katika damu kinaweza kuwa katikati, si cha chini wala si cha juu, kikamwacha daktari njia panda. Mwili unapokosa B12 ya kutosha ndani ya seli, vitu viwili hupanda katika damu, asidi ya methilmaloniki na homosisteini, na vikipimwa humwonyesha daktari upungufu ambao kipimo cha kwanza kimeuficha. Hata hapo figo zikaguliwe, kwa kuwa figo zilizochoka huvipandisha pia. B12 hutoka katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mtu anayekula ugali na sukuma wiki wiki nzima, akaonja nyama sikukuu, huku ameagizwa apunguze hata maziwa ya chai, anaingia kwenye metfomini akiwa na akiba ndogo tangu mwanzo. Sijui kwa nini swali la "unakula nini" huulizwa kwa ajili ya sukari peke yake. Na msomaji anayetumia metfomini asiiache. Aende kliniki, aombe kipimo, na aseme ameitumia tangu lini.

Badala ya kipimo, wengi huishia duka la dawa mtaani, ambako huuziwa vidonge vya "vitamini za neva" bila mtu kuuliza lolote. Wauzaji wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini vidonge vya namna hiyo huweza kuwa na vitamini B6 kwa wingi, nayo B6 ikitumiwa kwa dozi kubwa kwa muda mrefu huharibu neva zilezile ambazo mtu anajaribu kuziokoa. Upande wa pili, mtu aliyetumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu bila kupewa B6 huweza kupata ganzi kwa sababu ya kuikosa. Pombe nayo huharibu neva, na wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao miguu yao iliharibiwa miaka iliyopita na dawa ya stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 iondolewe. Mtu mmoja anaweza kubeba sababu tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgonjwa anastahili kusikilizwa kwa dakika kadhaa kabla ya neno "sukari" kuandikwa kwenye kitabu chake.

Nirudi kwenye miguu yenyewe. Siku moja mama anayeuza nyanya Marikiti aliombwa avue viatu kwenye korido ya kliniki, na ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na kizibo cha soda, meno yake yakiwa yamejichora kwenye unyayo na damu imekaukia soksini. Alikuwa ametembea nacho tangu alfajiri. Karatasi yake ya HbA1c aliyokuwa ameishika mkononi ilikuwa chini ya asilimia 7, yaani nzuri. Hakuwa akilalamika maumivu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu miguu inayowaka angalau hupiga kelele, ilhali ile isiyosikia kitu hufika hospitalini ikiwa na kidonda kilichooza. Dawa tunazowapa wenye kuungua nyayo, kama amitriptilini na pregabalini, hutuliza maumivu lakini haziifufui neva, kwa hiyo hata aliyelala usingizi mzuri jana hajapona.

Miongozo ya kimataifa inataka mtu mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe hisia za miguu siku anayoambiwa ana ugonjwa, kisha angalau mara moja kila mwaka. Kifaa ni uzi wa nailoni uliotengenezwa upinde ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10: mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa kwenye unyayo hadi upinde, naye husema anasikia au hasikii. Hata pasipo na uzi huo kuna njia iliyobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, isiyohitaji kifaa chochote. Mgonjwa akiwa amefumba macho, mpimaji hugusa kwa wepesi sana, kwa sekunde moja au mbili bila kusukuma wala kupapasa, ncha ya kidole gumba, ya kidole cha katikati na ya kidole cha mwisho katika kila mguu. Asiposikia miguso miwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua na apelekwe kliniki. Binti anaweza kumpima baba yake sebuleni. Wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wakiwa na vifaa vya kupima sukari na shinikizo la damu wanaingia katika nyumba zetu tayari; kuwafundisha miguso hiyo sita hakuwezi kuwa gharama ya kuzungumziwa.

Ningependa pia kuwakumbusha watafiti wetu jambo moja. Taarifa nyingi za metaboliti zinazosomwa duniani zimetokana na hazina ya Uingereza iitwayo UK Biobank, yenye watu wapatao 500,000 walioandikishwa kati ya 2006 na 2010, na walio wengi sana ni Wazungu. Chakula chao, maradhi waliyopitia na dawa walizotumia si zetu. Wakazi wa Korogocho na Viwandani walikwisha kutoa damu yao kwa utafiti wa AWI-Gen, kupitia APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Nairobi, sambamba na watu wa Soweto, Agincourt na Dikgale kule Afrika Kusini, Navrongo ya Ghana na Nanoro ya Burkina Faso, ili magonjwa ya moyo na kisukari ya Waafrika yachunguzwe kwa damu ya Waafrika. Msingi huo ni mzuri. Naomba tafiti zitakazofuata ziwaombe watu hao wavue viatu pia, hisia za miguu zipimwe kwa uangalifu uleule wa kupima damu, na majibu yarudishwe Korogocho kwa lugha ambayo mama wa kule anaielewa.

Kwa upande wa malipo, NHIF, bima ya taifa ya afya, iliondoka na mamlaka mpya ya bima, SHA, ikachukua nafasi yake Oktoba 2024, ikiwa na hazina ya huduma za msingi na nyingine ya magonjwa sugu. Ninaiomba mamlaka hiyo ieleze bayana, kwa maandishi ambayo mgonjwa anaweza kuyaonyesha dirishani, kwamba kipimo cha miguu cha kila mwaka, cha trigliseridi, na cha vitamini B12 kwa anayetumia metfomini ni haki yake na si nyongeza ya kulipiwa mfukoni. Idara ya afya ya Kaunti ya Nairobi nayo ninaiomba ijibu kupitia ukurasa huu: ni vituo vyake vingapi vyenye kliniki ya kisukari ambavyo leo vina uzi wa gramu 10 mezani, na ni nani katika kila kituo aliyepewa kazi ya kuutumia?

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa maabara,
Buruburu, Nairobi